Waya Juu ya Uchochoro

Mkono wa mwalimu uliganda kidevuni, kwenye kioo cha simu. Fundi viatu aliusubiri ushuke, haukushuka. Akaipiga simu kofi dogo mgongoni, akaiinua juu ya kichwa, akatoka nayo hadi mlangoni, akarudi nayo. Mkono ulipofunguka ulikuwa umeshafika kifuani, na yote yaliyosemwa kati ya kidevu na kifua yalikuwa yamempita. Akaomba arudiwe. Mwalimu akarudia. Mkono ukaganda tena, safari hii sikioni.

Dada yake alikuwa amemletea chai. Alisimama na kikombe mkononi, asijue aingie au aondoke. Alimwona mdogo wake akiilaza simu kwenye benchi, katikati ya soli na makopo ya gundi, akiitazama jinsi mtu anavyotazama kiatu kisichotengenezeka.

Dada akageuza kiganja juu. Ndivyo walivyoulizana "nini?" tangu walipokuwa watoto.

Fundi akainua mikono yake miwili, akaichezesha haraka haraka, kisha akaigandisha hewani. Akaichezesha tena, akaigandisha tena. Dada akatikisa kichwa, hakuelewa. Basi fundi akachukua simu na kumwandikia ujumbe, kwa sababu mambo mazito waliandikiana hivyo, hata wakiwa wamekaa goti kwa goti.

"Usaili. Shule ya viziwi wanataka mwalimu wa ushonaji viatu. Picha inakatika siwaoni vizuri. Wamenipa Alhamisi asubuhi. Mara ya mwisho."

Dada akausoma, akarudia kuusoma. Hakuna mtu nyumbani aliyejua kwamba ameomba kazi.

"Mbona hukuniambia?" akaandika.

"Nilikuambia. Ulikuwa na keki kwenye oveni."

Akajaribu kukumbuka ni siku gani. Hakukumbuka, na hilo lilimchoma kuliko kama angekumbuka.

Siku ya Alhamisi, fundi aliendelea kuandika, wangemtaka afundishe somo fupi akiwa kwenye mashine yake, wamwone anavyoshika mkono wa mwanafunzi. Dada akaiangalia ile mashine. Ilikuwa ya chuma, nyeusi, ya kushonea soli, imefungwa kwa bolti kwenye sakafu na mtu aliyetaka isiibwe kabisa. Kuihamisha ilikuwa ni sawa na kuhamisha ukuta.

Akatazama nje. Ng'ambo ya uchochoro, ghorofa ya juu, pazia la sebule yake lilikuwa likipepea, na nyuma ya pazia lile kulikuwa na intaneti ya kutosha kutazama mpira nyumba nzima.

Jioni aliliweka suala hilo mezani kabla vyombo havijaondolewa. Waliokuwepo ni watatu: yeye, mama yake mzazi anayeishi naye, na mume wake, karani wa ghala la vipuri, mtu mwema ambaye hakupenda kitu chake kiguswe.

"Aje afanyie hapa sebuleni," karani alisema. "Nitampisha kiti changu."

"Wanataka kumwona kwenye mashine."

"Basi aje na kiatu."

"Mume wangu, mtu unamfundishaje kushona bila cherehani? Utamfundisha kupika kwa picha ya sufuria?"

Mama alikuwa akikusanya makombo kwa kiganja. "Mimi sijaelewa hapo mwanzo," akasema. "Intaneti ya nini kwa mtu asiyesikia?"

"Ya kuona, mama. Wanaongea kwa mikono. Picha ikikatika, neno limekatika."

"Kumbe." Mama akafikiri. "Na hapa intaneti tunayo?"

"Tunayo."

"Imejaa tu humu ndani?"

"Imejaa tu, mama."

"Si apelekewe, basi!"

Karani akacheka, lakini alijikaza kwenye kiti. Ile intaneti aliilinda kuliko pochi. Neno la siri alilijua yeye peke yake. Simu ya mkewe aliiandikia yeye, ya mama mkwe aliiandikia yeye, tena akiwa amewapa mgongo. "Sikilizeni," akasema. "Nikitoa waya nje ya dirisha, jengo lile zima litakuja kuning'inia. Nawajua watu. Leo shemeji, kesho jirani wa shemeji, kesho kutwa mtu simjui ananigongea ananiuliza mbona leo hamna mtandao."

"Ni shemeji yako."

"Shemeji yangu nampenda. Waya ndio siupendi."

"Shule yenyewe iko wapi?" mama aliuliza ghafla.

Dada aliutaja mwendo wake: siku nzima kwa basi.

"Ataenda peke yake? Nani atamwelewa huko?"

"Mama, huko wote wanaongea kwa mikono."

Mama akaangalia makombo yaliyo kiganjani, akasahau alikuwa akiyapeleka wapi. Karani alimwona. Akasukuma sahani yake, akakohoa, akasema kwamba kesho yake angemtafuta fundi wa mitandao, aje aangalie tu. Kuangalia siyo kukubali.

Fundi wa mitandao alikuwa kijana mwenye ngazi begani na maneno machache. Alitembea na simu yake mkononi kama mtu anayetafuta harufu. Dirishani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Uchochoroni akakunja uso. Alipoingia kwenye chumba cha fundi viatu akaonyesha kioo kwa wote: hapakuwa na kitu.

"Zege," akasema, akigonga ukuta. "Na mlango wa chuma. Hewani haitafika hapa. Mnatakiwa kuvuta waya kutoka kwenye kiboksi cha nyumbani, uvuke juu ya uchochoro, uingie hapa kwa tundu la hewa, kisha niweke kiboksi kidogo cha pili hapo tunduni, kirushe ndani na nje. Usiku au mchana itakuwa kama mko sebuleni."

Karani akauliza kama kile kiboksi cha pili kinahitaji neno la siri la pili.

"Lile lile tu, kaka."

"Afadhali," akasema karani.

"Ila huu ukuta siyo wenu. Mimi siwezi kupiga msumari kwenye jengo la watu. Ongeeni na msimamizi."

Mama na binti yake walimkuta msimamizi wa jengo la pili kwenye kiti chake cha plastiki karibu na tangi la maji, akiongea na simu. Aliwaona wakija. Akageukia upande wa pili na kuendelea na mazungumzo, ambayo yalikuwa juu ya mtu fulani aliyenunua gari bovu. Walisimama juani. Mama alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule. Mwenye gari bovu alijadiliwa hadi akaisha.

"Enhe, akina mama. Nyie ni wapangaji hapa?"

"Mdogo wangu ni mpangaji," dada alisema. "Wa chumba cha chini kule mwisho. Fundi viatu."

"Nani, Bubu?" Msimamizi akatabasamu kwa moyo mweupe kabisa. "Bubu ni mtu wangu. Hana kelele, halipi kwa matusi. Ana shida gani?"

"Tunaomba tumvushie waya wa intaneti kutoka kwetu."

"Intaneti! Bubu!" Alicheka hadi akashika kiti. "Aongee na nani, jamani?"

Dada alimwangalia mama. Mama alikuwa akiangalia viatu vyake, ambavyo soli zake zilikuwa zimewekwa na mtu huyo huyo anayechekwa, nzuri, zimenyooka. Alikuwa amezoea kulisikia jina hilo. Alikuwa hata amewahi kuliitikia: mtu akiuliza mama Bubu yuko wapi, yeye husema niko hapa.

"Ana mtihani wa kazi," dada akasema.

"Kila mtu ana mtihani, dada yangu. Hizi kuta ni za mwenye nyumba. Akipita hapa akaona waya, akaniuliza huu waya ni wa nani, nimjibu nini?" Akaiweka simu yake juu ya goti, kioo kikitazama juu, akaipapasa. "Na mimi mwenyewe simu ninayo, kama unavyoiona. Huwa nakaa hapa siku nzima, hata habari sipati."

Aliyasema hayo akitazama tangi. Dada alielewa. Walirudi nyumbani wakimtafutia karani maneno, na waliyapata, ingawa iliwachukua jioni nzima na nusu ya keki iliyokuwa ya mteja.

Kesho yake karani alivuka uchochoro mwenyewe. Hakumtajia msimamizi neno la siri. Aliichukua simu ya msimamizi, akageuka ukutani, akaandika, akaangalia kushoto na kulia, akairudisha.

"Yako peke yako," akamwambia.

"Mimi kaburi," msimamizi akajibu.

Karani alilala usingizi mzuri siku hiyo. Hakujua kwamba simu za siku hizi, zikishaingia kwenye mtandao, humtolea mwenyewe kimraba chenye madoa madoa, mwenzake akakipiga picha naye akaingia, bila mtu yeyote kutaja neno. Msimamizi naye hakujua. Alifundishwa na mpangaji mmoja wa juu aliyemwona akicheka na video pale kwenye tangi.

Alhamisi ilifika na jua zuri. Waya ulikuwa umeshavutwa, mweupe, umelegea kidogo katikati ya majengo mawili. Mtu alikuwa ameshaanika sweta la mtoto juu yake. Dada alilitoa kwa ufagio, akalikunja, akaliweka mlangoni kwa wenyewe.

Karani aliomba ruhusa kazini. Alileta kompyuta yake na spika zake mbili zilizounganishwa nayo, kwa sababu kuzichomoa kulimsumbua, akaipandisha kompyuta juu ya maboksi ya viatu hadi ikalingana na kifua cha shemeji yake. Mama alileta shati la maua alilolipiga pasi. Fundi alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu, akalitundika msumarini, akabaki na fulana yake nyeusi. Akajionyesha kifua, kisha viganja vyake. Hakuna aliyeelewa.

"Kwani hataki kupendeza?" mama aliuliza.

"Mwache, mama."

Aliwasukuma nje taratibu, mmoja mmoja, akarudishia mlango. Ulibaki wazi upana wa kiganja, maana ule mlango ulikuwa haujawahi kufungika vizuri. Wakasimama uchochoroni kama watu wanaosubiri nje ya chumba cha daktari.

Dada alichungulia. Kwenye kioo kulikuwa na watu watatu, kila mmoja ndani ya dirisha lake: mwanaume mwenye tai, mwalimu yule wa kike mwenye mikono myepesi, na mwanamke mwingine mwenye nguo nyeusi tupu, mikono yake ikionekana wazi juu ya weusi huo, na dada akaielewa ile fulana. Mikono ilianza kwenda. Fundi aliinua mkono kujibu. Mikono ikaenda tena, ikasita, ikaruka, ikaganda.

"Imeganda," dada alinong'ona.

"Haiwezi." Karani akatazama simu yake. "Nguvu imejaa. Angalia mwenyewe, imejaa!"

"Mwalimu amebaki na kidole puani."

Karani akafuata waya kwa macho kutoka dirisha la kwake hadi kwenye tundu la hewa. Haukukatika popote. Alikuwa bado amekodoa juu pale dirisha la ghorofa ya kwanza lilipofunguka, na mwanamke mwenye povu la sabuni mikononi akachungulia.

"Shemeji!" akamwita. "Mtandao wenu leo mbona mzito hivi?"

Karani akamgeukia mkewe.

"Mtandao wa nani?" dada akauliza.

"Si huu wenu mliotuletea? Msimamizi alitupa wote. Mungu awabariki, kwa kweli. Ila leo unasuasua."

"Wote ni wangapi?"

Mwanamke akafikiri. "Labda useme nani hana."

Karani akaanza kuelekea kwake kwa hatua ndefu. "Nauchomoa. Nauchomoa wote, nife nao."

"Ukiuchomoa na yeye umemchomoa!" Dada alimshika mkanda wa suruali. "Usiguse kitu. Mama, tutafanyaje? Mama?"

Mama hakuwepo tena pale. Alikuwa ameshaingia kwenye ngazi za jengo la pili, ameshika ukuta kwa mkono mmoja na gauni kwa mkono wa pili, na tayari alikuwa akigonga mlango wa kwanza.

"Hodi. Samahani mwanangu, naomba uizime simu yako kidogo. Mwanangu ana mtihani."

"Mwanao yupi, bibi?"

"Fundi viatu."

"Fundi… Bubu?"

Mama alivuta pumzi. "Huyo huyo. Fundi viatu. Naomba uzime."

Mlango wa pili walizima bila maswali. Wa tatu kijana mmoja alisema namalizia kitu kidogo, bibi, na mama akasimama palepale mlangoni akimtazama hadi kile kitu kikaisha. Wa nne waliuliza mtihani gani. Wa kuongea, mama alisema. Wakatazamana. Mtihani wa kuongea? Wa Bubu? Anaongea na nani? Simu zilizimwa kwa haraka ambayo ombi la kawaida lisingeipata, maana kila aliyezima alitaka kushuka akaone. Mama aliposhuka, nyuma yake walishuka wanawake wenye watoto mgongoni, kijana wa kile kitu kidogo, mwenye povu la sabuni, na mwisho kabisa msimamizi mwenyewe, amesimama kwa miguu yake.

"Imekaa sawa," dada alisema akiwa ameweka jicho kwenye upenyo. "Mikono inakwenda. Inakwenda kama maji."

Ndipo sauti ya mwanamke ilipovuma kutoka chumbani.

"Nilijifunza kazi hii nikiwa bado mdogo, kwa mzee aliyekuwa akinipa viatu vibovu kabisa ili nisiharibu kitu."

Uchochoro mzima ulishtuka.

"Kuna mwanamke gani mle ndani?" mama aliuliza kwa ukali. "Ameingilia wapi?"

Dada alitazama. Ndani hapakuwa na mtu ila mdogo wake. Fundi alisogeza mikono; ikapita pumzi moja, na yule mwanamke mwenye nguo nyeusi akafungua mdomo kwenye kioo, sauti ikatoka kwenye spika. Fundi akatulia, naye akatulia. Fundi akakunja kidole, naye akaendelea.

"Mama," dada alisema polepole, kwa sababu alikuwa akilielewa jambo huku akilisema. "Huyo ni mkalimani. Yule mwenye tai anasikia, hajui mikono. Sasa anasemewa. Yale maneno siyo ya yule mwanamke. Ni ya huyu."

"Ya huyu nani?"

"Ya mwanao."

Karani alijipiga paji la uso. "Spika. Jana nilikuwa naangalia mpira. Sikupunguza."

Hakuna aliyekuwa amekumbuka sauti. Waya walifikiria, ukuta, msimamizi, shati. Kwa kiziwi nani angefikiria sauti? Na fundi mwenyewe, aliyesimama futi chache kutoka kwenye spika zilizokuwa zikitikisa makopo ya gundi, hakuwa na jinsi ya kujua.

"Kapunguze," dada alimwambia mumewe.

"Niingie nimkatize?"

"Basi tuondoke. Siyo vizuri kumsikiliza mtu."

"Siyo vizuri," walikubaliana wote, na hakuna aliyeondoka.

"Mwanafunzi asiyesikia namwekea mkono hapa, ubavuni mwa mashine," sauti iliendelea. "Uzi ukikaribia kukatika, mashine hutetemeka vingine. Wanaosikia hungoja mlio, na mlio ukija uzi umeshakatika. Mimi nauwahi."

Mwenye tai alicheka kwa kupendezwa. Sauti yake ilikuwa nzito. "Na leo mtandao wako ni mzuri sana, fundi. Umehama?"

"Hapana. Nimeletewa waya kutoka kwa dada yangu, jengo la ng'ambo. Umepita juu, kwenye nguo za watu." Mikono ilikwenda kasi sasa, na mkalimani alikuwa akimkimbiza. "Ni shughuli kubwa. Shemeji yangu, jina lake kwangu ni Kufuli. Ni mtu mzuri, lakini neno la siri huliandika akiwa amegeukia ukutani kama mtu anayekojoa."

Mwenye povu la sabuni alipasuka kicheko, akajiziba mdomo, povu likamwingia. Karani alisimama wima kama aliyeitwa na mkuu wake wa kazi.

"Msimamizi wa jengo letu ni Kiti. Sijawahi kumwona akisimama. Nadhani siku akisimama kiti kitamfuata."

Watu waligeuka kumtazama msimamizi, aliyekuwa amesimama. Alitafuta pa kuegemea.

"Jamani," mtu alisema, "kumbe ana maneno hivi?"

"Nyamazeni, tusikie."

Walinyamaza. Wengi wao walikuwa wamempelekea viatu kwa miaka, wakamwonyesha soli, wakamwonyesha pesa, wakaondoka wakisema mtu mpole yule. Sasa walisogea karibu na mlango wakiwa na hamu ya kusikia na wao amewapa majina gani.

Lakini mwalimu wa kike alikuwa ameuliza kitu kwa mikono, na mkalimani akakisema: "Nyumbani kwako wanajua lugha ya ishara?"

Dada alimwona mdogo wake akifuta viganja kwenye fulana.

"Wanajua kula. Wanajua njoo, lala, bei gani. Dada anaongeza 'nini?' na 'pole'. Mama anajua subiri. Watu wakicheka nikimuuliza wanacheka nini, ananiambia subiri, nitakueleza. Nasubiri. Wakimaliza kucheka huwa wanaenda nyumbani."

Mkalimani aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, jinsi mtu anavyosoma bei za vitu.

"Siwalaumu. Mama angenipa jicho lake kama ningeliomba. Lakini hajawahi kuniuliza kitu ambacho jibu lake siyo ndiyo au hapana."

"Shule yetu iko mbali," alisema mwenye tai. "Utaweza kukaa mbali na watu wako?"

"Nakaa ng'ambo ya uchochoro, na ni mbali. Nimeshazoea."

Hapo ndipo watu walipoanza kuondoka. Aliyeanza ni yule kijana wa kitu kidogo, aliyepita akiwa ameinamisha kichwa, wakafuata wanawake. Hakuna aliyewafukuza. Hata msimamizi alisema anaenda kuangalia tangi.

Mama alibaki akiwa ameushika mlango wa chuma. "Nimesikia vibaya?" alimuuliza binti yake.

"Umesikia vizuri, mama."

"Amesema jicho?"

"Amesema jicho."

"Kweli ningempa," mama alisema. "Lakini angelifanyia nini? Macho anayo."

Ndani, mwenye tai alikuwa akizungumza juu ya muhula mpya, chumba cha kulala, na mashine za shule zinazohitaji mtu wa kuzifufua. Alisema wameridhika. Alisema wanamtarajia. Fundi aliweka viganja vyote viwili kichwani, akazunguka pale pale alipo, akavigonga viganja kwenye ile mashine nyeusi kana kwamba ndiyo iliyofaulu.

Alipofungua mlango aliwakuta watatu wamejipanga mbele yake. Aliinua dole gumba. Kisha akaziona nyuso zao, dole likashuka.

Dada alijua ingekuwa rahisi kumkumbatia na kunyamaza. Badala yake aliingia, akanyoosha kidole kwenye spika. Akagusa sikio lake. Akamwonyesha mama, karani, akazungusha mkono kuonyesha uchochoro wote, madirisha yote.

Fundi alizitazama zile spika. Aliweka kiganja juu ya moja. Karani aligusa kitufe na muziki wa matangazo ukaanguruma, na fundi akausikia kwa kiganja. Polepole aliuondoa mkono wake. Uso wake ulimjaa moto hadi masikioni. Akamuuliza dada kwa vidole, kwa kuzungusha kama alivyofanya yeye: wote?

Dada akaitikia.

Karani alisogea mbele. Alikuwa amejiandaa kusema kitu kirefu, na kilimfia mdomoni kwa kuwa kisingefika popote. Akajinyooshea kidole kifuani. Akainua mabega: mimi, ni vipi? Fundi alisita. Kisha akakunja ngumi ya kushoto, akaichomeka kidole cha kulia, akakizungusha kama ufunguo. Karani aliiga, akakizungusha kidole upande usio wake.

"Hapo umefungua," mkewe alimwambia.

Karani akarudia, akafunga. Shemeji yake alicheka kwa sauti ile nzito, isiyo na mpangilio, ambayo watoto wa jengo walikuwa wakiiogopa, naye karani akacheka, ingawa macho yake hayakukaa sawa. Akasema anakwenda nyumbani kuangalia kile kiboksi. Mkewe alimfuata.

Mama hakuwafuata. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Akachukua kile chuma chenye ncha cha kutobolea soli, akakiinua.

Fundi alidhani anampa, akanyoosha mkono. Mama akatikisa kichwa. Akakirudisha kwenye benchi, akakinyooshea kidole. Kisha akaishika mikono ya mwanawe, yote miwili, akaitikisa kidogo, akamtazama usoni.

Fundi hakuelewa. Alileta kiatu alichokuwa anakishughulikia, labda mama anataka kuona kazi. Siyo hicho. Alileta maji. Mama akayanywa, kwa kuwa alikuwa na kiu ya zile ngazi, akaweka kikombe, akanyoosha kidole tena kwenye kile chuma, tena kwenye mikono ya mwanawe.

Fundi akakitazama kile chuma, akaitazama mikono yake. Kisha akakunja vidole vya mkono wa kulia, akabakiza kimoja, akakisukuma mara mbili katika kiganja cha kushoto.

Mama alifanya hivyo hivyo. Kidole chake kilikuwa kimelala. Fundi alikishika, akakisimamisha.

Mama akanyoosha kidole kwenye gundi. Akaonyeshwa. Kwenye uzi. Akaonyeshwa, akakosea, akashikwa mkono, akapatia. Kwenye soli, kwenye nyundo, kwenye ile mashine. Alikwenda kwa pupa, kama mtoto sokoni, na kabla hajakishika vizuri kimoja alikuwa ameshakitaka kingine, hadi fundi akamshika vidole vyote kumi na kumrudisha kwenye gundi.

Mlangoni palitokea mwanamke mwenye ndoo kichwani na kandambili moja mkononi.

"Hodi hapa. Bibi, fundi yupo?"

Mama hakugeuza kichwa. Mikono yake ilikuwa hewani, na hakutaka kuipoteza.

"Yupo," akasema. "Ila pumzika hapo nje kidogo, mwanangu. Tunaongea."